Video ya harusi: H.264, H.265 au AV1, na kipimo gani uamini kujua picha imeharibika

Siku mbili baada ya kukabidhi flashi ya harusi, mama wa bibi harusi kanipigia. "Mwanangu, MC namsikia, vigelegele navisikia, mpaka mzee wangu anavyolia namsikia, ila TV nyeusi tii." Nikamwambia mama nakuja. Kufika, TV yenyewe ni ya siku nyingi kidogo, inasoma H.264 tu, ule mfumo wa zamani wa kubana video, na mimi kwa ujanja wangu nilikuwa nimemtolea H.265, mdogo wake, ili faili liwe dogo na picha ibaki kali, kwenye laptopu yangu ilikuwa inang'aa balaa, kwenye simu yangu inang'aa, kwa mama wa watu giza. Nikarudi kurenda upya, yaani kulitoa faili upya, usiku kucha, feni la laptopu likilia kama jenereta.

Tangu siku ile mtu akiniuliza kodeki gani bora, yaani mfumo gani wa kubana na kufungua video, namrudishia swali: nani anaangalia, anaangalia kwenye nini, na bando lake likoje. Maana ubora wa video unapimwa pale inapoangaliwa, kwako wewe fundi kila kitu kinaonekana kizuri kwa sababu una mashine nzuri na una faili la mwanzo.

Twende na hesabu moja kwanza ili tuelewane tunabana kiasi gani. Chukua 1080p ya fremu 25 kwa sekunde. Kila fremu ina pikseli 1920 mara 1080, zinapita milioni 2, na kwa mfumo wa rangi wa kawaida wa 4:2:0 kila pikseli inakula biti 12 kwa wastani, zidisha zote unapata kama megabiti 622 kila sekunde, dakika moja tu ni zaidi ya GB 4 na nusu. Sasa wewe unaitoa kwa megabiti 5 kwa sekunde. Umebakiza fungu moja kati ya mafungu 124, hayo mengine umeyatupa. Kwa hiyo ubora umepotea tu, hilo halina ubishi, kazi ya kodeki ni kutupa vile vitu ambavyo jicho halitakuja kuvidai. Na hata hiyo 4:2:0 yenyewe ni utupaji, mwanga unahifadhiwa kwa kila pikseli ila rangi inahifadhiwa kwa robo tu, ndo maana gauni jekundu kali chini ya taa za ukumbini utaliona kama limevuja rangi pembeni hata kabla hujaanza kubana chochote.

Kodeki: tatu za kuzijadili, zingine tupite

H.264 ilikamilika 2003, kazi ya pamoja ya mashirika ya viwango ya ITU na ISO/IEC. Inakata picha kwenye maboksi ya pikseli 16 kwa 16 alafu inatabiri kila boksi kutoka fremu za jirani au maboksi ya jirani kwenye fremu hiyohiyo, kinachobaki ndo kinabanwa. Ni mzee, lakini mzee huyu anajulikana kila mtaa: TV ya zamani, king'amuzi, redio ya gari yenye skrini, simu janja ya bei ya chini kabisa, braoza yoyote. Enkoda yake ya bure, yaani programu ya kubana, inayoitwa x264 imepikwa zaidi ya miaka 20, imeiva, na hata laptopu ya kawaida inairenda bila kufa. Kitu kimoja tu watu wanakosea, wanatoa H.264 ya biti 10 au ya rangi 4:2:2 kwa sababu kamera imerekodi hivyo, TV nyingi na simu nyingi zinagoma hapo. Hakikisha imeandikwa yuv420p, yaani 4:2:0 ya biti 8.

H.265, wengine wanaiita HEVC, imekuja 2013. Maboksi yake yanafika 64 kwa 64 na yanakatika kwa ujanja zaidi, na lengo lao toka mwanzo lilikuwa ubora uleule kwa kama nusu ya bitireti, yaani biti zinazotumika kila sekunde. Kwenye 4K unaiona kazi yake kweli, ukishuka 720p faida inapungua. iPhone zinarekodi nayo tangu iOS 11 ya 2017, kwa hiyo watu wengi wanayo kwenye simu zao bila kujua. Shida yake kubwa haikuwa picha, ilikuwa karatasi: hataza zake ziligawanyika kwa makundi zaidi ya moja na kila kundi linataka malipo yake, braoza zikaikwepa miaka na miaka, Chrome yenyewe imekuja kuikubali 2022 tena kama kompyuta yako ina chipu ya kuifungua. TV ya 4K karibu zote zinaisoma, TV ya HD ya zamani ni bahati nasibu. Na kama unamtumia mtu wa iPhone au Mac faili la H.265 ulilolitoa kwa ffmpeg, ile programu ya bure ya kugeuza video kwa amri za kuandika, weka -tag:v hvc1, bila hiyo anaweza kukwambia faili bovu wakati faili zima kabisa, nimeshahangaika nalo hilo nusu siku.

AV1 ni ya 2018. Imetengenezwa na umoja wa Alliance for Open Media ulioanzishwa 2015, wamo Google, Netflix, Amazon, Microsoft, Mozilla, Intel, Cisco, wakachoka na mambo ya kulipishana wakaamua watengeneze yao isiyo na mrabaha. Kwa faili la ukubwa uleule kwa kawaida inaipita H.265, na pale bitireti inapokuwa ndogo sana ndo utaipenda: H.264 ikizidiwa inatoa viboksi na vigae, AV1 ikizidiwa inalainika tu, uso unakuwa kama umepakwa poda. Netflix walianza kuitumia kwenye Android Februari 2020 kwa watu waliochagua kubana data. Ubaya wake sasa. Mwanzoni kuirenda ilikuwa mateso, leo ukitumia enkoda ya SVT-AV1 unavumilia, na kadi za picha za RTX 40 na Intel Arc zinairenda kwa chipu. Ila upande wa mtazamaji, simu isiyo na chipu ya AV1 inaifungua kwa prosesa, yaani simu inapata moto na betri linashuka ukiliona, na kwa upande wa iPhone chipu hiyo imeanza kuonekana kwenye iPhone 15 Pro mwaka 2023. Hesabu wewe ndugu wangapi kwenye grupu la familia wana simu hiyo.

VP9 ipo, ya Google, 2013, utakutana nayo YouTube na huna haja ya kuirenda mwenyewe. H.266 ilikamilika 2020, kwa kazi zetu hizi iache kwanza.

Chaguo langu mimi, na unaweza kunibishia. Flashi ya wazazi: H.264, hakuna mjadala. Na hapo kuna mtego mwingine, flashi nyingi zinakuja na mfumo wa kupanga faili wa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja linalofika GB 4. Video ya masaa 2 kwa megabiti 5 ni GB 4.5, inakataa kukopi. Ukishuka hadi megabiti 4 unapata GB 3.6, ongeza sauti ya kilobiti 192 inafika kama GB 3.8, inaingia. Au igawe vipande viwili, kanisani kimoja na ukumbini kimoja, bora hivyo kuliko kubadilisha flashi iwe exFAT alafu TV isiione kabisa. Stoo yako mwenyewe na mteja mwenye TV ya 4K: H.265. Tovuti yako kama unayo: AV1 iwe ya kwanza na H.264 isimame nyuma kwa wasioweza. YouTube: wala usijisumbue, wao wanarenda upya kila kitu unachowapa, kwa hiyo wape faili nene kadiri bando lako linavyoweza, wanapendekeza megabiti 8 kwa 1080p ya fremu 24 hadi 30 na mi huwa napitiliza hapo. Ukiwapelekea faili ulilolikamua kisawasawa wao wanakuja kulikamua tena, na mashudu hayatoi mafuta mara ya pili.

Hiyo ya kubana mara kwa mara ndo inaua video nyingi kuliko kodeki mbaya. Kamera imebana, wewe umeediti ukabana, umetuma WhatsApp imebana, shangazi kaishusha kaweka stetasi imebana tena, rafiki yake kairekodi kwenye skrini ya simu. Ikikurudia utadhani imepigwa ndani ya maji. Ukituma WhatsApp itume kama dokyumenti, inakubali hadi GB 2 na haigusi picha. Na master yako, lile faili mama, itoe kwa ProRes au DNxHR, kodeki za kuhifadhi zinazobana kidogo tu, au kama diski haina nafasi basi x264 ya CRF 16 hivi (CRF ni namba ya ubora, naieleza huko mbele), kila nakala nyingine itoke kwenye master, usitoe nakala ya nakala.

Sasa utajuaje imeharibika kiasi gani

Hapa ndo penye utamu, na hapa ndo nimeona watu wanadanganywa na namba, mimi nikiwa wa kwanza.

PSNR ndo mkongwe. Inachukua fremu ya mwanzo na fremu iliyobanwa, inatafuta tofauti pikseli kwa pikseli, inapiga kipeo cha pili, inachukua wastani, alafu inaweka kwenye desibeli. Video iliyobanwa kawaida inaangukia kati ya 30 na 50, ikiwa juu ndo nzuri. Inakokotolewa haraka na haina siri. Tatizo lake halijui kama kuna jicho la binadamu. Ongeza mwanga kidogo tu kwenye video nzima, mtu hata hatagundua, PSNR inaporomoka. Sogeza picha pikseli moja kulia, hivyo hivyo. Upande wa pili, lainisha uso wa bibi harusi mpaka ngozi ipotee kabisa, PSNR inaweza kukupa namba nzuri tu kwa sababu tofauti za pikseli ni ndogo. Inamuadhibu asiye na kosa na kumwachia mwizi.

SSIM imetoka 2004, ya kina Zhou Wang na Alan Bovik na wenzao wawili. Hawa walisema jicho linaangalia umbo, kwa hiyo wanapitisha kidirisha kidogo juu ya picha na kila sehemu wanalinganisha vitu vitatu: mwanga, kontrasti na muundo. Namba inaishia 1, ambayo ni picha ileile. Ni bora kuliko PSNR kwenye ukungu na viboksi, na ilipewa tuzo ya Emmy ya uhandisi 2015, sio mchezo. Kinachonikera kwake ni jinsi namba zinavyosongamana juu kule, 0.95 na 0.98 zinaonekana kama ndugu wa tumbo moja kumbe kwenye skrini ni vitu viwili tofauti, na ukimwambia mteja video yako ina 0.97 anakuangalia tu.

Kisa kimoja kinaonyesha vipimo hivi viwili vilivyo na upofu wake. Ndani ya x264 kuna setingi inaitwa tune psnr na nyingine tune ssim. Ukiiwasha moja wapo, enkoda inazima ule ujanja wake wa kumpendezesha mtazamaji, ule wa kubakiza chembechembe na makunyanzi ya kitambaa, ili tu ipate namba kubwa kwenye kipimo. Yaani waliotengeneza enkoda wenyewe wanajua kwamba kuipendezesha picha kwa jicho na kuipandisha namba ni vitu vinavyoweza kugombana, wakaweka swichi kabisa kwa wanaotaka mitihani. Kwa hiyo ukiona mtu analinganisha kodeki mbili kwa PSNR, muulize kwanza kama kaziwekea tune.

VMAF ndo ninayoitumia zaidi sasa hivi. Netflix waliiachia bure 2016, waliifanya wakishirikiana na watu wa Chuo Kikuu cha Southern California. Badala ya fomula moja, wanachukua vipimo kadhaa vya picha, wanaongeza cha mwendo kati ya fremu na fremu, alafu wanavichanganya kwa modeli iliyofundishwa kwa maksi za watu halisi waliokaa wakaangalia video na kuzipa alama. Inakupa 0 hadi 100. Tofauti ya pointi 1 au 2 mtu wa kawaida haioni, na wengi kwenye fani wanalenga kama 93 hadi 95 kwa nakala ya juu. Ukivuka hapo unalipa MB ambazo hakuna anayeziona.

Kuipima ni mstari mmoja, ilimradi ffmpeg yako imejengwa na libvmaf:

ffmpeg -i iliyobanwa.mp4 -i master.mov -lavfi libvmaf -f null -

Iliyobanwa inatangulia, master inafuata. Na zote ziwe na ukubwa mmoja na fremu sawa kwa sekunde, ukiwa umeshusha 720p basi kwanza ipandishe irudi ukubwa wa master ndo upime. Zikipishana hata fremu moja tu, labda umekata mwanzo kidogo, utapata namba ya kukutia presha wakati video ni nzima. Mi nikiona VMAF ya ajabu jambo la kwanza naangalia mpangilio wa fremu, kodeki naituhumu baadaye.

Lakini VMAF nayo ina mitego, na mkubwa kuliko yote ni wastani. Tuseme una klipu ya dakika 3. Sekunde 170 bibi harusi kakaa, wazee wanaongea, kamera kwenye stendi, kila kitu kimetulia, VMAF 97. Sekunde 10 zilizobaki ndo maharusi wanaingia ukumbini, moshi umefunguliwa, vikaratasi vinarushwa, taa za disko zinazunguka, vitambaa vyenye vipulipuli vinametameta, enkoda inazidiwa, VMAF 55. Piga wastani: 94.7. Umefaulu kwa karatasi, na sekunde 10 ambazo familia itarudia kuangalia mara 50 ni vigae vitupu. Kwa hiyo usiangalie wastani peke yake, toa namba ya kila fremu kwenye faili, angalia asilimia 1 ya chini kabisa na fremu mbaya kuliko zote, alafu nenda ukaziangalie kwa macho. Kila mara mbaya zangu zinaangukia palepale, moshi, vikaratasi, na kamera inapogeuzwa haraka kumfuata mtu.

Mtego wa pili, modeli yake ya kawaida inadhani mtu anaangalia TV ya 1080p akiwa amekaa umbali wa mara 3 ya kimo cha skrini. Kwenye simu mtu hayaoni makosa mengi hivyo, ndo maana kuna modeli ya simu inayotoa maksi kubwa zaidi kwa video ileile, na ipo nyingine ya 4K. Usichanganye namba za modeli mbili kwenye ulinganisho mmoja. Mtego wa tatu, ukiikoleza picha makali kabla ya kubana, VMAF inakuongezea maksi, unaweza kuzidi hata unachostahili, Netflix wenyewe ikabidi watoe toleo linaloitwa NEG linalokataa hongo hiyo. Na wa nne, matabaka. Ukuta mweupe wenye taa ya bluu inayofifia taratibu, au anga la jioni pale ufukweni kwenye picha za maharusi, ukibana inatoka ngazi ngazi kama mistari ya ramani, jicho linaona toka mlangoni, VMAF inaipita kama haijaona. Netflix wakalazimika kutengeneza kipimo kingine kabisa, CAMBI, kwa ajili ya ugonjwa huo tu. Dawa ya bei rahisi ni kurenda kwa biti 10 pale unapojua kifaa kinasoma, na kuongeza chembechembe kidogo kwenye picha.

Macho sasa. Kuna utaratibu rasmi wa ITU unaitwa BT.500, watu wanakalishwa kwenye chumba chenye mwanga uliopimwa, umbali uliopimwa, wanatoa alama 1 hadi 5, mbaya hadi bora, wastani wake ndo MOS. Hivi vipimo vyote vya juu vinajaribu kubashiri namba hiyo. Sisi hatuna maabara, ila toleo la mtaani linawezekana: toa nakala mbili, zipe majina A na B, mpe mdogo wako azibadilishe majina bila kukwambia, angalia kwenye TV ya kawaida sebuleni ukiwa umekaa kwenye kochi. Pua kwenye skrini haihusiki. Na mwite mtu asiyejua mambo haya, mwambie tu chagua nzuri. Mimi nishawahi kushindwa kutofautisha faili mbili ambazo moja ilikuwa kubwa karibu mara mbili ya nyingine, na nilikuwa nimeshawaeleza wateja kwamba ile kubwa ndo "ya kitaalamu".

Kwa hiyo kama unachagua kipimo: PSNR itumie kugundua ajali tu, kama faili limeharibika au fremu zimepotea inadondoka ghafla. SSIM kama kompyuta haina nguvu ya VMAF. VMAF kwa maamuzi ya kila siku, na macho kwa fremu 20 mbaya ambazo VMAF imekuonyesha. VMAF peke yake bila macho siitaki, na macho peke yake saa nane usiku baada ya kuediti masaa 10 siyaamini pia.

CRF au bitireti iliyofungwa

Hii fupi. CRF unamwambia enkoda ubora utakao, ukubwa wa faili unaujua mwishoni. x264 kawaida yake ni 23, mi natumia 20 na preset slow, ile setingi ya enkoda kufanya kazi taratibu. Namba ikipungua ubora unapanda. Ila CRF 23 ya x264 sio CRF 23 ya x265, yenyewe kawaida yake ni 28, na SVT-AV1 kawaida yake 35 kwenye kipimo chake tofauti, nimeona watu wanalinganisha kodeki kwa kuweka CRF sawa zote alafu wanatoa hukumu, huo ni ulinganisho wa embe na nazi. Ukitaka ukubwa wa faili unaoujua, ile kesi ya FAT32, tumia bitireti ya wastani na renda kwa mizunguko miwili, mzunguko wa kwanza enkoda inasoma wapi pagumu, wa pili inagawa biti, khutuba ya padri inapewa kidogo na ule mlango wa ukumbi unapewa nyingi. Mambo ya chipu ya kadi kama NVENC ya Nvidia yanakimbia sana lakini kwa faili la ukubwa uleule kawaida x264 au x265 ya taratibu inakuwa safi zaidi. Haraka nayo ina kazi yake, video fupi ya Instagram itoke kesho asubuhi, sawa, chipu.

Laivu ni mchezo mwingine

Kwenye laivu huna nafasi ya kurudia na VMAF haikusaidii, kwa sababu inataka master na kilichofika upande wa pili huna mkononi ukilinganishe. Hapa unalinganisha njia za kupeleka video mtandaoni. RTMP ni ya zamani, ya enzi za Flash, inapita TCP, kila kipande lazima kifike kwa mpangilio, kimoja kikipotea vya nyuma vyote vinasubiri kwenye foleni. Mtandao ukiyumba foleni inajaa, OBS, programu ya kurushia laivu, inaanza kutupa fremu. SRT iliachiwa bure na Haivision 2017, inapita UDP isiyosubiri foleni, kipande kikipotea inaomba kile tu kirudiwe, na unaipa muda maalum wa kusubiri, ukiisha inasonga mbele. Muda huo wa kawaida ni milisekunde 120, ambao kwa laini ya simu kwenda seva ya mbali hautoshi, kanuni ya watu wengi ni mara 4 ya ping, yaani milisekunde za kwenda seva na kurudi, tuseme ping yako ni 150, weka 600. Kwa laini ya 4G ya ukumbini wenye watu 400 wote wanapost, SRT haina mpinzani.

Ila YouTube unawapelekea kwa RTMP au RTMPS, kwa hiyo SRT inataka uwe na seva katikati inayopokea na kugeuza, gharama na fundi wa kuiangalia. Harusi moja kwa mwezi, baki RTMP na laini mbili za mitandao tofauti. Kila wiki uko kanisani au msikitini unarusha, wekeza kwenye SRT. Na tangu 2023 OBS inaweza kupeleka H.265 na AV1 YouTube kwa RTMP iliyoboreshwa, kama una kadi ya AV1 hapo ndo inalipa hasa, maana kinachokubana ni laini ya kupandisha, na YouTube wao watawageuzia watazamaji kodeki inayowafaa.

Kwenye laivu bitireti iwe moja isiyobadilika, CBR, na kiifremu, yaani fremu kamili isiyotegemea jirani, kila sekunde 2. Pima kasi ya kupandisha palepale ukumbini saa ileile ya shughuli, ile ya mchana ukumbi ukiwa mtupu haina maana, alafu tumia nusu yake. Laini inapandisha megabiti 6, rusha 3 kwa 720p. 720p iliyotulia inaishinda 1080p inayoganda kila dakika, mtu anasamehe ukungu kidogo, kile kiduara cha kuzunguka hasamehi. Zamani TV ya analojia mawimbi yakipungua picha ilipiga chenga lakini ulikuwa bado unamwona mtangazaji, dijitali haina chenga, ni safi, safi, safi, alafu vigae, alafu imeganda. Unaporomoka ghafla, kwa hiyo kaa mbali na ukingo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika Afrika Mashariki yote iliona ukingo huo upo wapi.

Na usiwaahidi ndugu kwamba ni "muda huohuo". Kwa mtazamaji wa YouTube video inafika ikiwa imekatwa vipande vya sekunde kadhaa, kicheza video kinajaza kwanza akiba ndo kinaanza, ucheleweshaji wa sekunde 20 ni kawaida. Shangazi yuko Muscat, anapiga vigelegele kwenye grupu la WhatsApp wakati huku keki imeshakatwa na watu wameanza kupanga foleni ya chakula. Unaweza kuchagua ucheleweshaji mdogo kwenye setingi, lakini akiba ikipungua kila yumba ya mtandao inaonekana, mi kwa harusi naacha ule wa kawaida na nawaambia kamati mapema.

Wakati unarusha, fungua dirisha la takwimu la OBS na uelewe linasema nini. Fremu zilizodondoka kwa sababu ya mtandao, shusha bitireti. Fremu zilizorukwa kwa sababu ya enkoda, mtandao hauna kosa, prosesa imeelemewa, badili preset iwe ya haraka zaidi au hamia kwenye chipu ya kadi. Watu wanavichanganya hivi viwili, wanabadilisha laini ya simu katikati ya shughuli wakati laptopu ndo inaungua. Na mweke mtu mmoja nje ya ukumbi, kwenye data ya simu yake na sio WiFi yako, aangalie laivu yenyewe kama mtazamaji, avae hedifoni, na awe na ruhusa ya kukupigia sauti ikikwaruza hata kama picha iko sawa.